Mgongano wa Maslahi Ofisini mwa Wakili: Namna ya Kuutambua na Kuomba Ridhaa ya Mteja

Katika ofisi nyingi za mawakili, Dar es Salaam na mikoani, muuzaji na mnunuzi wa kiwanja huingia kwa mlango mmoja, huketi kwenye benchi moja na kumwambia karani kwamba wamekuja kuandikishiana. Bei wameshakubaliana, fedha zimeshapangwa, na wanachotaka ni karatasi, sahihi na muhuri. Wakili huwaandalia mkataba, hupokea ada ambayo mara nyingi wamechangiana nusu kwa nusu, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba ana wakili. Miaka michache ikipita, ndugu wa muuzaji hujitokeza akidai kiwanja ni cha mirathi, na wote wawili hurudi kwa wakili yule yule, kila mmoja akisema: "Wewe ndiye wakili wangu."

Nimewahi kukutwa na jambo hilo, nikiwa na miaka michache tu ya uwakili. Nilipolifungua jalada nilikuta mkataba ulioandikwa vizuri, stakabadhi mbili za ada, na hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba niliwahi kumweleza yeyote kati yao nilikuwa namtumikia nani. Sikuweza kumsaidia hata mmoja, na wote wawili walinilaumu kwa haki. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mawakili vijana na makarani wa ofisi za uwakili, ingawa mteja naye akiusoma atajua maswali ya kuuliza kabla hajasaini.

Msingi wa kisheria kwa ufupi

Kwa Tanzania Bara, mwenendo wetu unaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, pamoja na Kanuni za Maadili na Mwenendo wa Mawakili za mwaka 2018, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 118. Kenya nao wana Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na kanuni zilizotungwa chini yake. Maneno yanatofautiana lakini shina ni moja: wakili anawajibika kumpa mteja wake uaminifu usiogawanyika, na kumtunzia siri kwa wajibu ambao haukomi jalada linapofungwa. Mgongano wa maslahi ni hali yoyote inayoleta hatari ya kweli kwamba uaminifu huo utapungua au siri hiyo itatumika vibaya, kwa sababu ya mteja mwingine, mteja wa zamani, mtu mwingine anayelipa ada, au maslahi ya wakili mwenyewe. Kinachotazamwa ni hatari, hata kama madhara hayajatokea, na ndiyo maana wakili anayejitetea kwa kusema "mimi najiamini, sitampendelea mtu" anakuwa hajajibu swali lililoulizwa.

Mfano ambao kila wakili wa Afrika Mashariki anapaswa kuufahamu ni shauri la King Woollen Mills dhidi ya kampuni ya mawakili ya Kaplan & Stratton, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1993. Kampuni hiyo ilikuwa imeandaa hati za mkopo na dhamana ikiwahudumia wakopeshaji na wakopaji kwa pamoja, na mgogoro ulipozuka ikasimama upande wa wakopeshaji dhidi ya wakopaji. Mahakama iliizuia, kwa sababu uhusiano wa kuaminiana kati ya wakili na mteja haukomi pale kazi inapokwisha. Hali kama hiyo inaweza kumkuta wakili wa Morogoro mwenye chumba kimoja sawasawa na inavyoweza kuikuta kampuni kubwa ya Nairobi.

Hatua ya kwanza: pata majina kabla ya kusikiliza kisa

Kosa linalotendeka zaidi ni kumkaribisha mgeni, kumpa kiti, kumsikiliza nusu saa, na ndipo kumwuliza anayegombana naye ni nani. Akitaja jina la mteja wako umeshachelewa, kwa maana umeshabeba siri za watu wawili wanaopingana, na huenda ukalazimika kuwaacha wote. Mfundishe karani wako maneno ya kusema mlangoni, kwa heshima na bila kumtia mtu wasiwasi: "Karibu sana. Kabla hujaanza kumweleza wakili, naomba jina lako kamili, jina la mwenzako mwenye shauri hili, na kama ni la ardhi, namba ya kiwanja. Kisa chenyewe usinieleze kwanza."

Majina yenyewe yanataka uangalifu. Mtu mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye hati miliki, Muhamedi kwenye kitambulisho, na Baba Asha kwa kila anayemfahamu mtaani. Mwanamke anaweza kuwa na jina la baba kwenye cheti cha shule na jina la mume kwenye leseni ya biashara. Kwa hiyo omba majina matatu, uliza jina linalotumika mtaani, na kama upande mmoja ni kampuni, omba majina ya wakurugenzi na wanahisa. Kwa mashauri ya ardhi, namba ya kiwanja na kitalu ina manufaa kuliko jina lolote, kwa kuwa watu hubadili majina lakini kiwanja kinabaki na namba yake.

Hatua ya pili: tafuta katika daftari, kisha jitazame mwenyewe

Kila ofisi iwe na daftari moja la wateja, likiwa la karatasi au la kompyuta, lenye majina ya wateja wa sasa, wateja wa zamani, wapinzani wao, na watu waliofika kuomba ushauri bila kurudi. Hawa wa mwisho husahaulika, na ndio huleta mshangao. Wakili anapojiunga na ofisi akitoka nyingine, aje na orodha ya majina ya pande alizohudumia huko, bila maelezo ya mashauri yenyewe.

Ukikuta jina la mteja wa zamani, jiulize kama ulichojifunza wakati ule kinaweza kutumika dhidi yake leo. Mwaka 1998, katika shauri la Mwanamfalme Jefri Bolkiah wa Brunei dhidi ya KPMG, kampuni ya wahasibu iliyowahi kumhudumia, mahakama ya juu ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa House of Lords, iliweka kipimo ambacho kimenukuliwa sana katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza: akishaonyesha mteja wa zamani kwamba unazo siri zake zinazohusu jambo jipya, mzigo ni wako kuthibitisha kwamba hakuna hatari ya kweli ya siri hizo kuvuja. Kampuni yenye mamia ya wahasibu, iliyojaribu kutenganisha wafanyakazi wake, ilishindwa kuubeba mzigo huo. Ofisi yenye mawakili wawili, karani mmoja na printa moja isijidanganye kwamba imejenga ukuta wa kuzuia siri zisivuke.

Baada ya daftari, jiulize kuhusu wewe mwenyewe. Je, mpinzani ni shemeji yako? Unadaiwa na mteja huyu, au yeye anadaiwa na wewe? Mpo kwenye kamati moja ya msikiti au ya kanisa? Mke wako ana duka katika jengo linalogombaniwa? Mambo haya hayamo kwenye daftari lolote, na mteja hana njia ya kuyajua usipoyasema.

Hatua ya tatu: pima kama mgongano huu unaweza kuridhiwa

Ridhaa ya mteja haiponyi kila mgongano, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba karatasi iliyosainiwa inatosha kwa jambo lolote.

Huwezi kuwatetea mdai na mdaiwa katika shauri moja hata wakikusihi kwa pamoja. Huwezi kuendesha shauri ambalo unatarajia kuitwa shahidi. Kanuni za utendaji za mawakili wa Kenya zinalisema hilo waziwazi, na ndiyo hatari inayomkabili kila wakili aliyeshuhudia mkataba kisha akakubali kumtetea mmoja wa waliousaini. Huwezi kumthibitishia mteja wako hati ya kiapo ukiwa kamishna wa viapo katika jambo ambalo wewe ndiwe wakili wake au una maslahi nalo, kwa kuwa sheria yenyewe inakataza na mteja hana mamlaka ya kukusamehe. Na huwezi kuomba ridhaa pale ambapo, ili mteja aelewe anachoridhia, ungelazimika kufichua siri ya mteja mwingine asiyekuruhusu. Katika hali hiyo ya mwisho unakataa kazi bila kutoa sababu, na mgeni anaweza kukasirika, mwache akasirike.

Mashauri ya jinai nayaweka peke yake. Ndugu wawili wakishtakiwa kwa kosa moja, familia hutaka wakili mmoja, kwa kupunguza gharama na kwa kuonyesha umoja. Siku ya kwanza utetezi wao unafanana. Lakini tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, na mmoja wao anaweza kupata nafasi ya kupunguziwa kwa kusema ukweli utakaomwumiza mwenzake. Ukimshauri akubali, umemtosa ndugu yake. Ukinyamaza, umemnyima yeye ushauri ambao wakili mwingine yeyote angempa. Maoni yangu ni kwamba katika makosa makubwa usikubali kuwahudumia wote wawili, hata wazazi wao wakikuomba kwa machozi.

Migongano inayoweza kuridhiwa ni ile ambayo pande zote zinataka jambo moja na tofauti zao ni ndogo au bado hazijaonekana: wabia wanaoanzisha biashara, warithi wanaokubaliana juu ya mgawanyo, muuzaji na mnunuzi walioelewana, au mteja ambaye ada yake inalipwa na mtu mwingine. Kwa huyo wa mwisho, tuseme kaka aliyeko Muscat anatuma fedha za kuendesha shauri la mirathi la dada yake aliyeko Tanga, ni lazima wote wawili wafahamu tangu siku ya kwanza kwamba anayelipa hapati haki ya kuamuru wala ya kusomewa jalada.

Hatua ya nne: mweleze mteja, peke yake, kwa lugha anayoiota

Ridhaa yenye thamani ina mambo manne ndani yake: mteja ajue mgongano ni upi hasa, ajue unaweza kumdhuru vipi, ajue ana njia gani nyingine, na awe huru kusema hapana. Kuyaorodhesha ni rahisi. Kuhakikisha kwamba yameingia moyoni mwa mtu ni kazi nyingine kabisa.

Niliwahi kuajiriwa na mfanyabiashara aliyetaka kuweka nyumba yake rehani ili apate mkopo wa benki. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo alikuja na mkewe ili asaini. Mume ndiye aliyekuwa akizungumza. Mke aliupakata mkoba wake na kuitikia kwa kichwa kila mume alipomaliza sentensi. Nilimwomba mume atupishe, akatoka huku akitazama saa, nami nikasukuma ile fomu mbele ya mama yule na kumwuliza: "Mama, hii karatasi inasema nini?"

"Baba Neema kaniambia ni ya kuthibitisha kwamba sisi ni mke na mume."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Nilimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye haki ya benki ya kuuza aliniuliza: "Kwa hiyo asipolipa, watauza mpaka chumba cha watoto?" Nikamjibu ndiyo. Kisha nikamwambia lile ambalo lilikuwa gumu zaidi kulisema, kwamba mimi ni wakili wa mumewe, kwamba mumewe anafaidika yeye akisaini, na kwamba kwa sababu hiyo sifai kumshauri asaini au asisaini. Nikamwomba atafute wakili wake. Aliomba wiki moja. Mkopo ulichelewa, mume alinikasirikia sana, na wiki iliyofuata mama yule alirudi na kaka yake pamoja na wakili mwingine, akiwa na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule.

Uingereza wamelitafakari jambo hili kwa kina kutokana na wimbi la mashauri ya wake waliosaini dhamana za madeni ya waume zao. Katika uamuzi wa Royal Bank of Scotland dhidi ya Etridge wa mwaka 2001, mahakama ilieleza kiwango cha chini ambacho wakili anayemshauri mke anapaswa kukifikia: akutane naye ana kwa ana bila mume kuwepo, amweleze kwa maneno ya kawaida hati ni ya nini na hatari yake ni nzito kiasi gani, amwambie wazi kwamba uamuzi ni wake, na amwulize kama bado anataka kuendelea. Uamuzi huo uliona kwamba wakati mwingine wakili wa mume anaweza kuifanya kazi hiyo iwapo hakuna mgongano. Mimi kwa hali ya kwetu, ambako wake wengi hawajawahi kukaa mbele ya wakili na mume ndiye anayelipa ada, naona ni salama zaidi mke apate wakili wake.

Kuhusu lugha, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, lakini hati nyingi za mikopo na mikataba ya kampuni bado huja kwa Kiingereza. Usikubali ridhaa juu ya maelezo ambayo mteja hawezi kuyasoma mwenyewe. Kama anaelewa Kisukuma au Kimakonde vizuri kuliko Kiswahili, tafuta mkalimani asiyetoka katika familia inayohusika. Kisha usimwulize "umeelewa?", kwa kuwa mtu mwenye adabu mbele ya wakili hujibu ndiyo hata kama hajaelewa kitu. Mwambie: "Hebu nieleze wewe, ukifika nyumbani mwanao akikuuliza umesaini nini, utamjibuje?"

Hatua ya tano: iandike ridhaa, na mwachie mteja nafasi ya maneno yake

Andaa barua fupi kwa kila mteja, kila mmoja na yake, wala usiwape karatasi moja ya kusaini pamoja. Huu ni mfano ninaoutumia kwa mnunuzi wa kiwanja:

"Mimi ni mnunuzi wa kiwanja kilichotajwa hapo juu. Wakili amenieleza kwamba anaandaa mkataba huu kwa niaba yangu na kwa niaba ya muuzaji. Amenieleza kwamba kwa sababu hiyo hawezi kunishauri kama bei ni nzuri, wala kunipigania nipate masharti mazuri kuliko ya muuzaji. Kwamba nitakachomweleza kuhusu mauziano haya anaweza kumweleza muuzaji, na cha muuzaji anaweza kunieleza mimi. Na kwamba tukigombana hatamtetea yeyote kati yetu, nami nitalazimika kutafuta wakili mwingine na kulipa ada upya. Nimeelezwa kwamba ninaweza kutafuta wakili wangu mwenyewe sasa, na kwamba ninaweza kuiondoa ridhaa hii wakati wowote. Nimepewa muda wa kufikiri hadi tarehe iliyoandikwa hapa chini. Kwa maneno yangu mwenyewe, ninachoelewa ni kwamba:"

Baada ya nukta mbili hizo acha mistari minne mitupu, na mteja aijaze kwa mkono wake. Asiyejua kuandika aseme, karani aandike kama alivyosema, asomewe, aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye na upande. Mistari hiyo minne imenisaidia kuliko aya yote iliyo juu yake, kwa kuwa mara mbili nimesoma kilichoandikwa hapo na kugundua kwamba mteja hakuelewa, tukaanza upya. Muda wa kufikiri nao uwe wa kweli: siku mbili tatu kwa jambo dogo, na zaidi kwa nyumba ya kuishi.

Usimwombe mteja aridhie migongano yote itakayotokea siku za mbele bila kuitaja. Ridhaa ya jambo lisilojulikana haina kitu ndani yake.

Hatua ya sita: rudia ukaguzi, na jitoe mapema inapobidi

Mgongano unaweza kuzaliwa katikati ya kazi. Mdaiwa mpya anaunganishwa kwenye shauri, kampuni ya mteja inauzwa, mrithi aliyekuwa amekubali mgawanyo anaanza kupiga simu usiku akitaka mzungumze "mimi na wewe tu". Simu ya namna hiyo ni ishara. Mkatize kwa upole, mkumbushe kwamba mlikubaliana hakuna siri kati ya warithi, na uandike saa ya simu hiyo kwenye jalada. Kagua majina upya kila anapoongezeka mhusika.

Ikibidi kujitoa, waandikie wateja wote siku moja na kwa maneno yanayofanana, ukisema tu kwamba umetokea mgongano usiokuruhusu kuendelea, bila kueleza nani alisema nini. Usimwache mmoja ili ubaki na yule anayelipa vizuri. Huyo uliyemwacha bado ni mteja wako wa zamani, na siri zake unazo. Shauri likiwa mahakamani, omba ruhusa ya mahakama na muda wa mteja kupata wakili mwingine. Rudisha hati halisi kwa wenyewe, kila mmoja akisaini kupokea, na rudisha sehemu ya ada ambayo hujaifanyia kazi. Mteja anayeona amedhulumiwa anaweza kulalamika kwenye Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sura ya 341, ambayo ina uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha, au kuagiza jina lake liondolewe katika orodha ya mawakili. Mwambie haki hiyo hata kama mlalamikiwa atakuwa wewe.

Kisha fungua daftari uandike majina yote ya waliohusika, namba ya kiwanja, na tarehe uliyojitoa, ili karani atakayekuwepo mlangoni miaka mitano ijayo aweze kuyaona.